Nduthi ya Kwanza: Uliza Ilikuwa Inafanya Job Gani

Msee akitaka nduthi yake ya kwanza hapa Kitengela, maswali huwa ni zile zile. Ni pesa ngapi? Ni ya mwaka gani? Imetembea kilomita ngapi? Ya kwanza muuzaji atakudanganya kiasi. Ya pili namba pleti itakupea jibu. Ya tatu hata usijisumbue, ju waya ya spidimita ya nduthi mob huku Kajiado ilikatika kitambo na hakuna mtu alishughulika. Kuna swali moja wasee hawaulizangi na ndio ya maana: hii kitu ilikuwa inafanya job gani kabla inifikie?

Nakushow hivyo ju nduthi ya miaka kumi na mbili yenye ilikuwa ya ticha huko Isinya, inatoka boma saa moja inarudi saa kumi na wikendi inalala, inaeza kuwa na roho kushinda ya miaka mbili yenye imelelewa kwa steji. Ya steji hailalangi. Mchana iko na buda mmoja, usiku iko na kijana amekodisha, kila mtu anatafuta hesabu yake na hakuna mwenye anataka kugharamia oili. Siku ya kuuzwa inaoshwa, inawekwa stika za Arsenal, inapigwa picha, unaambiwa "imetumika na mzee wa kanisa". Ukiskiza mabroka wa huku, wazee wa kanisa wa Kitengela wanamiliki nduthi kuliko madaktari na maticha wote wakiwekwa pamoja.

Na job mbaya kabisa si hata kubeba watu. Ni kubeba maji. Kite inajulikana na maji ya chumvi ya bohoro, na ukiingia huko ndani kwenye mfereji haujafika, mitungi za lita ishirini zinasafiri na nduthi. Mtungi umejaa ni kilo 20. Weka sita hapo nyuma, ni kilo 120, hujahesabu msee mwenyewe na ile karia ya chuma imechomelewa. Maji inamwagika mos mos na ile chumvi inaingia chini ya kiti, kwenye haionekani. Kwa hivyo ukifika kucheki nduthi, omba spana, toa kiti. Angalia vyuma za fremu huko nyuma. Ukipata kutu imekula, ama doa ya kuchomelea imepakwa rangi nyeusi hapo tu na kwingine kote rangi ni ya zamani, umeshajua ilikuwa inafanya nini. Mshukuru mwenyewe, rudi home.

Kuelewa soko ya nduthi kuukuu za huku lazima urudi nyuma kiasi. Kabla ya 2008, pikipiki Kajiado ilikuwa ya watu wa heshima: chifu, daktari wa mifugo, padre, msee wa NGO. Zilikuwa Yamaha DT na AG 100, Honda XL, Suzuki TF, zile za madigadi ya mbele imeinuka juu. Halafu serikali ikatoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, bei ikaanguka, na ndio unaona Boxer na TVS zilijaa, pamoja na zile za Mchina: Skygo, Tiger, Captain, Haojin. Ushuru ilirudi na mlango wa nyuma 2015, ngiri kumi kwa kila nduthi, lakini wakati huo mchezo ulikuwa ushabadilika. Leo ukitafuta nduthi ya zamani unakutana na makabila mbili. Moja ilizaliwa ofisini, ikahudumiwa na pesa ya serikali ama ya wafadhili, ikauzwa kwa mnada. Ya pili ilizaliwa kwa steji. Zinaeza kuuzwa bei moja, lakini usizifikirie kaa kitu moja.

Hata namba inaeza kukubongesha. Nduthi yenye iko na namba ya KA ama KB kaa za magari ilisajiliwa kabla pikipiki zipewe laini yao ya KM. Hiyo ni mzae. KMC na KMD zimeanza kuwa na mvi, KMF na KMG bado ni vijana. Namba haikushow hali ya injini, lakini inakuambia muuzaji akianza "hii ni ya juzi tu, bro", juzi yake ni gani.

Sasa, mbona usinunue mpya? Ju Boxer mpya ya 150 sai inapita laki moja na nusu, na msee wa EPZ ama wa kiwanda ya simiti hanangi hiyo doh ikiwa mkononi. Anabaki na mkopo wa kulipa kila siku, ama mtumba. Ule mkopo wa kila siku ulipangwa na hesabu ya boda, mtu mwenye nduthi inamrudishia kitu kila jioni. Wewe mwenye unataka tu kuhepa jam ya Namanga Road na kuishia Kajiado wikendi kumanga nyama, nduthi yako haikuletei hata soo. Kulipa kila siku kitu imepaki nje ya ofisi ni kujitesa. Mimi niko timu ya mtumba, mia kwa mia, bora uwe na subira na ukubali kuchafuka mikono.

Ya kununua ni gani? Hapa wasee wa base hugombana. Kuna wa Boxer na kuna wa DT, na sijaona siku wamekubaliana.

Boxer ya 150 iko na cc 144.8, inapozwa na upepo, na spea zake zinauzwa hadi kwa duka yenye pia inauza unga. Ikizima kati ya Isinya na Kajiado, fundi wa kwanza utampata anaijua. Hiyo ni raha yenye huwezi jua mpaka uwe umesimama kwa barabara na jua ya saa saba. TVS HLX ni hivyo hivyo. Shida ya Boxer ni madigadi ya mbele iko karibu sana na taya. Kiangazi hautaona maana. Subiri mvua ya Aprili, uingie Korompoi ama uache lami pale Kisaju, kwenye udongo ni ile nyeusi ya mbuga. Ile udongo inajishikilia kwa taya, inapanda, inashindiliwa hapo katikati ya taya na madigadi, mpaka gurudumu inagoma kuzunguka. Unashuka, unatafuta kijiti, unachokoa, unapanda, hatua kidogo tena imejaa. Ndio maana nduthi mob za huko ndani hazina madigadi ya mbele kabisa, ama imeinuliwa na vyuma za fundi. Sasa wewe ukiletewa Boxer unaambiwa imekuwa ikiendeshwa lami tu, na mbele haina madigadi, si unaona? Nduthi imeongea ukweli na mwenyewe akiwa hapo anadanganya.

DT haina hiyo noma. Madigadi iko juu, shoka za mbele ni ndefu, inaruka mawe. Lakini injini yake ni tu-stroku, inachoma oili pamoja na petroli, na hapo ndio vijana huumia. Yamaha waliiwekea tanki ndogo ya oili na pampu yenye inachanganya yenyewe. Sasa mafundi wengine, pampu ikisumbua kidogo, wanaitoa wanaifunga, wanakuambia uwe unachanganya oili kwa tanki ya petroli kaa ya pawasoo. Ni njia inafanya, mradi mwenye kuendesha anajua. Ikipita mikono mbili tatu, hiyo habari inapotea. Unanunua, unaona tanki ya oili imejaa, unaona uko fiti, unajaza petroli tupu, na kabla ufike Isinya pistoni imeshikana na silinda. Injini imejam, umelala na bili. Kwa hivyo DT yoyote, swali ya kwanza ni pampu. Mwambie fundi wako, si fundi wake, afungue kifuniko akuonyeshe kaa iko hapo na waya yake inavutika ukipiga akselereta.

Kitu ingine kuhusu moshi. DT ikitoa moshi ya blue kiasi asubuhi hiyo ni kawaida yake. Boxer ikitoa moshi ya blue, hiyo inakula oili, ringi zimeisha ama sili za valvu zimechoka. Na huku zinaisha haraka ju ya vumbi. Mtu wa steji akiona nduthi haivuti, anatoa sponji ya kichungi cha hewa anatupa, inapata nguvu kiasi, anafurahi. Baadaye silinda inakunywa vumbi ya Kajiado moja kwa moja. Fungua kile kiboksi cha pembeni uone kaa sponji iko. Ukipata ni hewa tu, ama kipande ya godoro, toa ngiri kadhaa kwa bei ama uondoke.

Beshte yangu alitafuta DT mpaka akaipata Bissil, kwa mzee mmoja mwenye alikuwa akifanya mambo ya mifugo kabla astaafu. Tuliishia na mathree, tukashuka, tukatembea mpaka bomani. Beshte alikuwa amemtumia mzee bei kwa simu mara kadhaa na mzee hakuwa anajibu. Tukafika.

"Sopa, mzee."

"Ipa. Nyinyi ndio watu wa bei ya simu?"

Nduthi ilikuwa chini ya mgunga, imefunikwa na gunia zimeshonwa pamoja. Beshte alifanya kitu moja poa sana: kabla aseme chochote alishika injini na mkono. Ilikuwa baridi. Muuzaji mjanja huiwasha mapema, ju injini ikiwa moto shida mob za kuwaka hujificha. Hii ilipigwa kiki ikakataa, ikapigwa tena ikakataa, mzee akasimama akasema, "Ngoja kijana, hujafungua mafuta." Kweli, kakoki kalikuwa kamefungwa. Kiki iliyofuata ikawaka, ikatoa moshi yake, mbuzi zikahepa.

Halafu mzee akaingia nyumba akatoka na daftari ya hesabu, ile ya shule ya miraba. Ndani alikuwa ameandika kila oili amenunua na tarehe, kila plagi, kila cheni, na biro tofauti tofauti, kurasa nyingine zimeliwa na mchwa pembeni. Hakukuwa na risiti hata moja. Lakini hakuna risiti ingenishawishi kaa hiyo daftari, ju mtu hawezi kaa chini aghushi miaka yote hiyo ndio auze nduthi moja. Akamwambia beshte na Kiswahili ya shule, "Pampu ya oili inafanya kazi. Fundi wa mjini akitaka kuitoa, mkatalie." Kwa bei akasema yake ni moja. Tukakunywa chai ya maziwa, tukabonga mambo ya mvua na ng'ombe, na tukiwa tunasimama akapunguza ngiri tano bila kuombwa.

Si lazima upate mzee na daftari. Lakini kuna vitu nduthi yoyote itakuambia hata mwenyewe akinyamaza. Angalia mpira ya kukanyagia na ya kiki. Ka mita inasema kilomita 9,000 na mpira ya kiki imeisha mpaka chuma inang'aa, mita ni ya nduthi ingine. Vuta cheni pale nyuma ya sproketi, ikiachana na meno sana, na meno zenyewe zimejipinda, weka hesabu ya cheni mpya. Inua gurudumu ya mbele, zungusha usukani pole pole. Ukiskia inakwama katikati kaa inaingia kwa kishimo, beringi ya shingo imekufa, na hiyo kwa lami ya Namanga Road ukiwa spidi utaiskia kwa tumbo. Gonga spoku moja moja na spana: zenye ziko sawa zinalia, zenye zimelegea zinasema tu "ndu". Mulika ndani ya tanki na tochi ya simu. Kutu ya tanki ndio huziba kabureta kila wiki na wewe unadhani ni fundi mbaya.

Na ukiambiwa "injini haijafunguliwa", cheki vichwa za nati za injini. Nati zenye zimekwaruzwa na spana mbaya zilifunguliwa. Si dhambi injini kufunguliwa, nduthi ya miaka mob lazima ifunguliwe. Dhambi ni kukuficha.

Basi umependa, mmekubaliana. Hapa ndio kuna hatari kubwa kushinda injini, ju injini mbaya itakula doh yako tu, karatasi mbaya inaeza kukulaza seli. Nduthi mob za huku zimepita mikono minne na logibuku bado ni ya jina ya kwanza. Kila mtu akiuza anaandika agrimenti kwa kibanda ya fotokopi, wanaweka kopi za kitambulisho, wameshikana mikono, imeisha. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haijui hiyo agrimenti ya kibanda. Inasema mwenye jina lake liko kwa rejista ndiye mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine, na ukinunua, usiitumie kupita siku 14 bila kusajiliwa kwa jina yako. Fikiria uko upande ule mwingine: uliuza nduthi yako bila kubadilisha jina, imetumika kunyang'anya mtu simu huko Athi River, karao wanakuja kwako.

Kucheki ni rahisi. Ingia eCitizen, upande wa NTSA, weka namba, lipa 550, utaona jina ya mwenyewe. Ka kuna jina ya kampuni ya mkopo hapo pamoja na ya msee, nduthi bado iko na deni ama deni imeisha na hawajaachilia. Usiskize story za "nitamaliza kulipa mwisho wa mwezi". Halafu linganisha namba ya chasisi, iko hapo kwa shingo ya fremu, na ya injini chini pembeni, na zenye ziko kwa logibuku. Pitisha kidole juu ya hizo namba. Ka mahali pamesuguliwa, ama herufi zimepinda kaa zimegongwa na nyundo usiku, hepa. Mpaka wa Namanga hauko mbali, na si kila nduthi inapita hapo na wenyewe wakijua.

Kubadilisha jina muuzaji anaanzisha kwa akaunti yake, wewe unakubali kwa yako, kila mtu na simu yake. Kwa hivyo kaeni chini pamoja, kwa hoteli yenye iko na chapo, na doh ya mwisho itumwe ukishaona ombi imefika upande wako. Mwenye anakataa hiyo mpango na hasemi ni kwa nini, amekujibu.

Usimalize doh yote kwa kununua. Acha kando angalau robo. Siku hiyo hiyo badilisha oili, plagi na sponji ya hewa, hata ka umeapiwa zilibadilishwa jana. Taya ikiwa kuukuu tupa, hakuna kujadiliana, ju mchanga ya Kisaju kwa kona na taya kipara ni ajali inakungoja. Spea za Boxer utapata hapa hapa Kite. Za DT utapanda mathree mpaka Kirinyaga Road, na ukiwa huko beba ile ya zamani mkononi ulinganishe, usiseme tu "ya DT" ju kila mtu atakuambia anayo.

Leseni usipige kona. Daraja la A2 ndio la nduthi yako ya kujibamba. A3 ni ya wenye wanabeba watu na mizigo kwa pesa. Bima ya third party ni lazima kisheria, helmeti na reflekta pia, na abiria ni mmoja tu, hata ka hao mamanzi wawili wanaishi ploti moja.

Barabara yenyewe, anza ndani. Murram ya Milimani Jumapili asubuhi inatosha kukufunza klachi. Namanga Road iwache kwanza. Kuanzia Kisaju kushuka Isinya kuna upepo wa pembeni wenye hautaki mchezo, uwanda ni wazi hakuna kitu ya kuuzuia, na trela ya kuenda Tanzania ikikupita inakusukuma kwanza halafu inakuvuta. Nduthi ya cc 150 na msee wa kilo 60 hapo ni karatasi. Ukiona trela kwa kioo, shika usukani bila kuukaza, angalia mbele mbali, na usijaribu kushindana. Ukishaizoea utafurahia, ju baada ya Isinya kunafunguka, unaona ng'ombe na punda kando ya lami. Punguza hapo pia. Punda wa Kajiado haangaliangi kushoto wala kulia.

Mathe ataongea. Mwache aongee, ako na haki. Mshow helmeti, mshow leseni, mbebe mos mos mpaka soko umrudishe, atapunguza makali. Mwenye utapambana naye ni beshte wa ploti, yule wa kukuja jioni na siendo mguuni: "Bro, nipatie hiyo nduthi niishie hapo EPZ, narudi sai." Mshow haina breki.